Nyumba Moja, Bei Moja kwa Wote

Wiki jana mliniacha mlangoni, mkasi mkononi. Bwana mmoja nisiyemjua alikuwa anapima chumba changu cha kushonea kwa hatua, na mteja wangu yuko nyuma ya pazia, gauni limemkwama mabegani, anauliza, "Fundi, ni nani huyo anayetembeatembea?"

Alikuwa mnunuzi. Kaka yangu ndiye aliyemleta.

Kwa aliyechelewa kuingia, ngoja nimshike mkono haraka haraka. Baba yetu alifariki akatuachia nyumba sisi watoto wake watatu, kila mmoja fungu sawa na mwenzake. Marehemu alidhani anatuachia urithi. Kumbe alituachia ligi.

Kaka anafundisha watu udereva. Mtaa mzima unamwita Klachi, kwa sababu ndilo neno analopiga nalo kelele kutwa nzima. Yeye alitaka tuuze, tugawane, anunue gari lake aache kufundishia la mwenye chuo. Mdogo wetu, Kitinda, mtoto wa mwisho, yuko mapokezi kwenye zahanati, na sauti yake ni ile ya "subiri kidogo, utaitwa". Yeye alitaka tupangishe vyumba, tugawane kodi.

Na mimi fundi cherehani nilitaka kitu kimoja tu, niachwe. Nimeishi humo tangu nilipoachika. Baba nilimuuguza humo. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, mlango unatazama barabara, na wateja wangu wengi hawajui hata jina langu, wanaujua mlango. Nikitoka pale naanza upya, na umri huu si wa kuanza upya.

Hayo ndiyo yaliyopita. Sasa tuendelee kuaibika.

Baada ya yule mnunuzi kuondoka, mimi na kaka tulitukanana mpaka fundi wa kuchomelea vyuma jirani yetu, anaitwa Cheche, akazima mashine yake ili asikie vizuri. Habari zikamfikia Shangazi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Alistaafu, lakini umatroni haujamtoka. Akiingia chumbani unajikuta unatandika kitanda.

Alitukusanya uani, maana sebuleni kulikuwa na joto.

"Kaeni," alisema.

Tulikuwa tumeshakaa. Tukasimama, tukakaa tena.

"Nimemzika ndugu yangu juzi juzi tu. Sitaki kuzika na undugu wenu. Leo tunamaliza. Klachi, anza wewe."

"Tuuze," alisema kaka. "Mnunuzi yupo, pesa ipo. Tunangoja nini? Mtu ukiwa na gia unaitia."

"Nani kakwambia nyumba ya baba ni gia?" nilimuuliza.

"Sindano, zamu yako haijafika," alisema Shangazi. Sindano ndiyo mimi. Jina nilipewa kwa ajili ya kazi, ingawa wapo wanaosema ni kwa ajili ya mdomo. Watu wana maneno.

"Tupangishe," alisema Kitinda taratibu. "Vyumba vya nyuma vimekaa tu. Kila mwezi kila mtu anapata chake, na nyumba inabaki yetu."

"Ulete wageni nyumba ya baba!" niliruka. "Watu wasiojulikana wapike jikoni kwa marehemu mama! Hapana."

Kitinda akanitazama kidogo, akainamisha kichwa. Mimi nikadhani amekubali.

"Basi tuigawe yenyewe," nilisema. "Kila mtu na chumba chake, tujuane."

Kaka akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akachora nyumba nzima kwenye sakafu ya uani. Hapa vyumba vya kulala, kila mmoja na chake. Hapa sebule, ya wote. Jiko, la wote kwa zamu. Mambo yakawa yanakwenda vizuri mno, mpaka chaki ikafika kwenye choo.

"Choo cha nani?" aliuliza Shangazi.

"Cha wote," alisema kaka.

"Nani anakisafisha?"

Mimi nikatazama juu. Kitinda akatazama simu. Kaka akajikuna shingo. Shangazi akaichukua chaki mkononi mwa kaka, akairudisha kwenye kibati changu, na habari ya kugawana ikafia chooni.

"Kuna mahakama pia," alisema Kitinda.

"Nendeni," alisema Shangazi. "Hakimu ataamuru iuzwe, wakili atakula sebule na vyumba vyote, ninyi mtabakiziwa hicho choo. Halafu mje mniulize tena nani anakisafisha."

Hakuna aliyetaka mahakama tena.

Ndipo Shangazi akatoa yake. Aje mthamini, mtu asiyetujua, aikague nyumba aseme ina thamani gani. Bei hiyo igawanywe kwa mafungu yetu. Anayetaka nyumba awanunue wenzake. "Na sitaki kuzungushana. Wa kwanza kuniletea pesa mkononi, nyumba ni yake. Wengine mnachukua haki yenu, mnaachia, na mnaendelea kusalimiana."

Kaka akacheka. "Sindano atanunua na nini? Vifungo?"

Kaka yangu hajui kwamba ninashonea sare shule zote za upande ule. Hajui kwamba huu mwaka wa ngapi sijui sinunui hata kiatu, pesa yote iko benki. Nilitaka kumwambia, nikameza mate.

"Nenda kaniletee chai," Shangazi aliniambia. "Uso umekuvimba."

Kitinda akanifuata jikoni. Nikalinyakua birika kwa hasira, chai ya rangi ikamwagikia kitambaa cheupe cha sinia, kile chenye taraza niliyoitarizi mwenyewe.

"Ona sasa," nilisema. "Hili halitoki. Nawajua madoa, hili ndilo baba yao."

Kitinda akakiinua kitambaa, akakitazama.

"Linafanana na doa la bati linalovuja," alisema.

Tukatazamana. Sijui ni nani aliyecheka kwanza. Tulicheka mpaka Shangazi akaita kuuliza kama chai tunaichimba ardhini.

Hapo hapo, pale jikoni, tukala njama. Mthamini akikuta nyumba inavuja, bei itashuka. Bei ikishuka, mimi na Kitinda tunachanga, tunalinunua fungu la kaka, yeye aende na gari lake. Mimi nabaki mbele na cherehani yangu. Kitinda na wanawe wanahamia nyuma, waachane na nyumba ya kupanga.

"Ila dada, kitu kimoja," alisema Kitinda. "Kaka akisikia una pesa atageuka. Atadai bei ipande. Mwambie Shangazi bei ya mthamini iwe hiyo hiyo kwa yeyote atakayenunua. Haipandi, haishuki."

Mtoto yule ana akili! Nilimkumbatia. Nilimwambia laiti kaka angekuwa na robo ya ubongo wake.

Nikatoka na sinia, nikasema maneno hayo kama yalivyo.

"Kwa yeyote?" aliuliza Shangazi.

"Kwa yeyote."

"Hata akinunua Klachi?"

"Hata akinunua Klachi," nilisema, kifua mbele, nikijua Klachi wa watu hana hata pesa ya kujaza tangi.

"Mmesikia wote," alisema Shangazi. "Na ole wake atakayekuja kunililia."

Ngazi tuliiazima kwa Cheche.

"Ya nini?" aliuliza.

"Kuondoa utando wa buibui."

"Leo ndiyo umeuona?"

"Cheche, unanipa ngazi au unanihoji?"

Akanipa. Nikamwomba na jambo la pili: kesho mgeni akija kwangu, apige kazi. Kazi gani? Yoyote, ilimradi ina kelele. Akaniambia kelele ndiyo bidhaa pekee anayotoa bure.

Kitinda alikuja mchana akitokea kazini, bado amevaa sare yake ya zahanati. Yeye akachemsha chai nzito, sufuria zima, mimi nikatafuta sponji nikaifunga kwenye kipande cha fimbo, ya kupakia dari ya sebule.

Jamani, kazi yangu ni kuficha kasoro. Mtu ana bega moja limeshuka, namwekea pedi. Tumbo limetangulia, namkatia gauni linyamaze. Siku ile nilifanya kazi yangu kinyumenyume, na nisiseme uongo, niliifanya vizuri. Doa la maji lina pindo. Katikati limepauka, ukingoni limekoza, na halitulii sehemu moja, linajitanua kama ramani. Asiyejua angepaka duara. Mimi nilipaka mwaka mzima wa mvua.

Kitinda alishika ngazi kwa mikono yote miwili, maana mimi na juu hatupatani. Kila nikipanda kidogo nasema nakufa.

"Hufi, dada. Ongeza pale kwenye kona."

"Imetosha?"

"Imetosha. Nyumba ivuje, isizame."

Tukashusha mapazia. Tukasogeza kabati ili ufa wa ukutani uonekane, ule ambao baba alikuwa anauficha miaka yote. Tulifanya kazi tukicheka, nikamwambia Kitinda mambo ya baba ambayo hakuyakuta, na nilifurahi kweli kweli. Tangu msiba sikuwa nimefurahi vile.

Mthamini akaja. Mtu mwembamba, mpole, kalamu iko sikioni kama fundi seremala. Kaka alikuwa barabarani na wanafunzi wake. Nikamkaribisha sebuleni, na Cheche, Mungu ambariki, akaanza. Vyuma vililia mpaka vioo vya madirisha vikaitikia.

Mthamini akasimama, akasikiliza, akatabasamu.

"Mtaa una mafundi," alisema. "Vizuri sana. Penye mafundi pana wateja. Hiyo inapandisha."

Roho ilinitoka. Nikakimbilia dirishani, nikampungia Cheche mkono aache. Cheche akadhani namwambia haitoshi. Akachukua na nyundo.

"Na biashara ina nguvu!" alipiga kelele mthamini.

Kitinda ndiye aliyeokoa jahazi. Alimgusa yule bwana kiwikoni, kwa ule upole wa zahanati, akamwonyesha juu. "Samahani, angalia usisimame hapo chini. Huwa panadondoka."

Mthamini akainua macho. Akatazama dari kwa muda mrefu, akafuata pindo la doa kwa ncha ya kalamu toka kona hii mpaka kona ile. Akatikisa kichwa.

"Bati limeoza hilo."

"Sana," alisema Kitinda.

"Na mbao za juu zitakuwa zimekwenda na maji." Akagusa ufa. Akaandika. "Niseme ukweli, nyumba imechoka. Atakayenunua hapa ananunua kiwanja tu."

Hapo ndipo nilipotaka kuharibu kila kitu. Imechoka? Nyumba ya baba yangu?

"Imechoka wapi?" nilimwuliza. "Baba alisimama na mafundi juani tofali la kwanza mpaka la mwisho! Alirudisha mbao nzima nzima kwa sababu zina vidonda! Gonga huo ukuta. Nimesema gonga!"

Bwana wa watu akagonga.

"Umesikia? Hiyo ndiyo sauti ya nyumba iliyochoka?"

Kitinda akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha kupelekwa kwa daktari.

"Mwie radhi dada yangu," alimwambia mthamini. "Bado ana msiba."

Mthamini akanipa pole, na nahisi ile pole akaikata kwenye bei, maana Shangazi alipotuunganisha sote kwenye simu kututajia thamani, kaka alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Mimi nilizima yangu upesi, nikauma kipande cha kitambaa nisicheke.

Sasa tulitakiwa kukusanya pesa tupeleke. Kitinda akaniambia nisiwe na haraka, mkopo wake wa kazini unashughulikiwa, tutakwenda pamoja siku ya kikao. Nami nilikuwa na shughuli yangu. Nilikuwa najishonea gauni la kuvaa siku hiyo.

Ndiyo, gauni. Msinicheke. Wakati mwenye akili yuko njiani na pesa, mimi niko kwenye cherehani najibandikia lesi shingoni.

Kikao kikafanyika sebuleni, chini ya kazi ya mikono yangu. Kaka alipoingia alitazama juu, akashtuka.

"Mbona mimi sikuwahi kuliona doa hili?"

"Ulikuwa na muda wa kutazama dari?" alimjibu Shangazi. "Wewe macho yako yako kwenye kiwanja."

Nikasimama. Gauni likakaa vizuri. "Shangazi," nilisema, "tuko tayari kununua."

"Keti, Sindano. Nyumba imeshanunuliwa."

Nikacheka. Nikadhani ananitania. Nikamtazama kaka, kaka akatazama viatu vyake. Nikamtazama Kitinda.

"Nimenunua mimi, dada," alisema.

"Tumenunua," nilimsahihisha.

"Hapana. Mimi."

Shangazi akaeleza, sauti haipandi wala haishuki. Mkopo wa Kitinda ulikuwa umeshatoka, akaenda kwake jana na pesa za mafungu yote mawili, la kaka na langu. Kaka alichukua la kwake hapo hapo. La kwangu lilikuwa ndani ya mkoba wa Shangazi, linanisubiri.

"Mdogo wangu, usinitazame hivyo," alisema kaka. "Nilipoisikia ile bei moyo ulivunjika. Nikasema ngoja nichukue kabla dari haijamwangukia mtu. Gari nimeshalilipia."

Mimi nilimgeukia Kitinda. Sikuwa na kelele. Wanaonijua wanajua kwamba nikikosa kelele, mambo yameniharibikia.

"Kwa nini?"

Akanijibu kwa sauti ile ile ya mapokezi, lakini safari hii hakuniambia nisubiri.

"Mimi miaka yote nalipa kodi kwa mtu anayenifungia maji akijisikia. Wanangu wanalala chumba kimoja na mimi na jiko. Wewe umekaa hapa bure, dada. Bure! Niliposema tupangishe, nilikuwa nataka nihamie chumba cha nyuma, nilipe kodi kama mtu mwingine, wewe na kaka mpate chenu. Hata sikufika huko. Uliruka ukasema nitaleta wageni nyumba ya baba. Nani mgeni? Mimi?"

Nikakimbilia mengine.

"Na tulivyokubaliana jikoni?"

"Ungeniweka nyuma, na kila siku ungenikumbusha ni kwa hisani yako. Nakujua, dada." Akashusha sauti. "Sikufukuzi. Chumba cha mbele ni chako, shona mpaka uchoke. Kodi tutaelewana."

Kodi! Mimi, niliyemfunga nepi, niwe mpangaji wake. Niliumia, ndugu wasomaji. Niliumia kwa nyumba, niliumia kwa kuchezewa shere, na zaidi niliumia kwa sababu sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli, na alikuwa ameisema mbele ya watu.

Shangazi akautoa mfuko wa pesa mkobani, akauweka juu ya meza mbele yangu. "Bei ni moja kwa yeyote. Ulisema mwenyewe, na wote tulisikia. Una neno?"

Nilikuwa nalo neno moja. Nikilisema najivua nguo. Nisiposema, nachukua mfuko na mlango wangu unakuwa wa mwenzangu.

"Bei si halali," nilisema. "Yale madoa ni chai."

Shangazi akanishika paji la uso, akaangalia kama nina homa.

"Mwanangu," alisema, na nilijua nimekwisha, maana Shangazi hajawahi kuniita mwanangu tangu niachike. "Msiba haujakuisha. Kitinda, mletee maji."

"Chai gani, dada?" aliuliza Kitinda. Uso wake ulijaa huruma. Ningemzaba kofi.

Aliyenisikia ni kaka. Kaka alikuwa ameshauza. Ameuza kwa bei ya bati lililooza, na sasa mtu anasema bati halikuoza. Niliona hesabu ikimpanda taratibu usoni, kama gari bovu linavyopanda mlima. Akavuta stuli yangu ya kushonea, akapanda. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua dari. Akakiweka kidole ulimini.

Tukamngoja.

"Ina sukari," alisema kaka.

Hata mimi nilishangaa. Mimi chai yangu sitii sukari, sikupata kutia. Sufuria lile alichemsha Kitinda.

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikwenda akafunga mlango wa sebule, akarudi akasimama katikati yetu, mikono nyuma, kama siku zile alipokuwa anakagua mabweni.

"Nani alipanda?"

"Mimi," nilisema.

"Wewe?" alisema kaka, bado yuko juu ya stuli. "Wewe hata meza huthubutu kupanda! Nani alikushikia ngazi?"

"Klachi, shuka," alisema Shangazi. "Nitauliza mimi." Akanigeukia. "Nisikilize vizuri, Sindano, maana nitasema mara moja. Kama uliifanya peke yako, umejipalia makaa mwenyewe. Kitinda amenunua kwa bei aliyopewa, hana kosa, nyumba ni yake, na wewe chukua mfuko wako. Lakini kama mlikuwa wawili, basi aliyenunua alijua. Nafuta yote, kaka yako anarudishiwa fungu lake, tunaanza mwanzo. Sasa niambie. Ngazi ilishikwa na nani?"

Wasomaji wangu, jibu lilikuwa mdomoni. Jina moja tu. Nikilitaja, nyumba inarudi mezani, na mimi benki ninazo pesa. Nilikuwa na haki ya kulitaja. Kila mmoja wenu angelitaja.

Nikamtazama Kitinda. Alikuwa ameshika ukingo wa kochi la baba, vidole vimekaza, na hakuwa na sura ya mapokezi tena. Alikuwa na sura ya mtoto aliyevunja kitu, anangoja kusikia atasemewa nini. Nikakiona kile chumba kimoja, watoto wameamshwa wasogee ili jiko liwashwe. Mimi nimeshakwenda kumtembelea pale? Nimekwenda mara moja, nikalalamika kwamba hakuna pa kukaa.

Mdomo ukanitangulia. Midomo ya madada wakubwa ndivyo ilivyo, ina mazoea yake.

"Nilikuwa peke yangu," nilisema.

Kaka akatukana kwa sauti ya chini. Shangazi akanitazama mpaka nikaanza kuhesabu maua ya zulia. Halafu akausukuma mfuko mbele yangu.

"Haya. Chukua. Imekwisha."

Nikanyoosha mkono.

"Shangazi," alisema Kitinda. Alikuwa ameliachia kochi, amesimama. "Dada anakudanganya."